Shuka, marikani na rehani: shajara ya mradi wa barazani, Ngamiani

Tarehe 2 Machi

Naandika ili baadaye nisije nikajidanganya. Mradi hauna jina. Ni kwamba kuanzia mwezi huu hadi mwisho wa Juni, wiki moja tutasomeana kitabu barazani kwangu hapa Ngamiani, Tanga, na wiki inayofuata tutatazama filamu ukutani. Mimi ni fundi cherehani. Mchana baraza langu ni la wateja, usiku halina kazi, na nimechoka kuona watu wazima wamekaa hapo kila mmoja kainamia simu yake kama anayetafuta sindano iliyoanguka.

Waliokubali mpaka sasa ni Mwalimu (mstaafu, nyumba ya pili kutoka kwangu), fundi baiskeli wa pale kona, mama wa maandazi aliyesema atakuja akipata nafasi, na mpwa wangu aliyemaliza chuo na sasa anasubiri ajira. Mpwa ndiye mtu wa mitambo. Muuza kahawa hakuulizwa, lakini walipo watu naye yupo.

Tulicho nacho: kompyuta ya mpwa, spika moja yenye sauti ya mafua, na shuka langu jeupe la sita kwa sita. Tusicho nacho: projekta.

Tarehe 9 Machi

Projekta imepatikana. Kuna bwana anayekodisha viti na maturubai ya harusi. Anayo moja, imelala kabatini. Anaiuza 220,000. Nilikuwa na laki moja. Zilizobaki kanipa hadi mwisho wa Juni, ila hakutaka maneno matupu, akataka rehani. Nimempelekea ovaloki yangu, mashine ya kufunga pindo za nguo.

Mama wa maandazi aliponiona narudi mikono mitupu akacheka: "Kukopa harusi, kulipa matanga, shoga yangu." Na kweli vitu vyenyewe ni vya harusi.

Kwa hiyo hadi Juni pindo za ndani za wateja nitazipiga zigizaga kwa cherehani ya zamani. Nguo zitachukua muda. Nimewaambia.

Tarehe 16 Machi

Kitabu cha kwanza kilikuwa Kusadikika. Hakuna aliyebisha: huwezi kuanza na mwingine Tanga hii, wakati Shaaban Robert mwenyewe kazaliwa hapo Vibambani, Machui, mwaka 1909. Mwalimu ndiye aliyesoma. Ana sauti ya redio ya zamani, kila herufi inasimama mahali pake.

Kwa ambao shule imewapitia mbali: Kusadikika ni nchi inayoelea hewani. Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kuanzisha elimu ya sheria. Anajitetea siku sita, na kila siku anasimulia habari za mjumbe mmoja aliyetumwa nchi za mbali kutafuta mema, akarudi nayo, na malipo yake yakawa kifungo. Wa kwanza mashariki, na wengine kaskazini, kusini, magharibi, mbinguni, ardhini.

Tulifika mjumbe wa tatu, vijana wawili wakawa wamelala. Fundi baiskeli akainua mkono kama yuko darasani: "Mwalimu, samahani. Huko hewani wanakula nini? Nani analima?"

Mwalimu alikasirika kidogo. Akasema kitabu kimetoka mwaka 1951, Mwingereza yuko kitini na mwandishi ni karani wa serikali. Karani hapigi kelele ofisini; anaijenga nchi angani, halafu anawasema wa ardhini. Hilo limeniingia. Lakini na swali la fundi limeniingia vilevile, na usiku mzima yalikuwa yanagombana kichwani.

Maoni yangu, na Machui wanisamehe: sentensi za Kusadikika ni mshono wa mkono, ukizigeuza ndani huoni uzi unaoning'inia. Ila watu wake wamevaa ile nguo kama sanamu la dukani. Hawatoki jasho. Wanaitwa Majivuno na wana majivuno, wanaitwa Karama na wana karama. Nimesikiliza kwa heshima. Sikusikiliza kwa tumbo.

Na jambo moja la utaratibu. Tulipomaliza, Mwalimu akauliza, "Haya, hadithi hii inatufundisha nini?" Papo hapo watu wote wakawa watoto wa darasa la sita, wakaanza kutaja: haki, subira, uongozi bora. Nimepiga marufuku swali hilo. Kuanzia sasa kila mtu atasema kilichomuudhi na kilichomkaa, basi. Mwalimu amekubali kwa shingo upande.

Tarehe 23 Machi

Filamu ya kwanza, Supa Modo, ya Likarion Wainaina wa Kenya, iliyotoka mwaka 2018. Nimeichagua kwa sababu ni fupi, Kiswahili kimo, na kuna mtoto.

Tulianza saa mbili na nusu, baada ya isha. Nilitarajia watu kumi. Watoto peke yao walipita thelathini, wamekaa chini mpaka kwenye mtaro.

Jo ana miaka tisa, anaumwa ugonjwa usio na dawa, na anaota kuwa shujaa wa kwenye filamu, yule anayeruka na kusogeza vitu kwa kutazama tu. Kijiji kizima kinakula njama ya kumwaminisha kwamba nguvu anazo kweli, na mwisho wanamtengenezea filamu yake. Kinachonifurahisha ni kwamba hawakutuficha. Toka mwanzo unajua mtoto atakufa, kwa hiyo hukai roho juu kusubiri muujiza, unakaa kutazama watu wazima wanavyohangaika. Mama mtu anataka kumfungia ndani apumzike. Dada mtu anataka atoke acheze. Wote wawili wana haki, na filamu haikumpa ushindi wa bure hata mmoja wao.

Kilichoniudhi ni muziki. Kila penye uchungu wanakuvuta sikio: lia sasa. Ningelia bila kuvutwa. Mama wa maandazi hakujali hilo, khanga yake ililoa.

Tatizo la kiufundi: upepo. Shuka lilijaa upepo likawa tanga la jahazi, uso wa Jo ukavimba, ukanyauka, ukavimba tena. Watoto walidhani ndizo nguvu zenyewe. Vijana wawili walishika pembe za chini hadi mwisho.

Tarehe 25 Machi

Watoto wanne wamekuja kuomba joho kama la Jo. Nimewashonea kwa mabaki ya vitenge. Malipo: kuokota pini sakafuni kwa sumaku. Mmoja ameshaanguka kutoka ukuta wa jirani, goti tu limechubuka. Mama yake amenifuata, tumeelewana.

Tarehe 30 Machi

Nimeachana na shuka. Nimenunua marikani, ile nzito ya kuchuja, nimeunga mapande mawili kwa mshono bapa ili ukutani usionekane mstari, nikapitisha kamba juu na fito chini. Mvuvi mmoja wa pale pwani ya Deep Sea alisimama kunitazama nikishona, akaniambia nitoboe matundu madogo ya nusu mwezi, upepo upate njia. Nilisita kukata kitambaa kipya. Nimekata. Inafanya kazi.

Matumizi hadi leo: projekta 100,000, marikani na kamba 31,000, kahawa za bure nisizozikumbuka. Mapato: 500 za hiari kwenye kopo, jumla 14,500.

Tarehe 6 hadi 27 Aprili

Naweka wiki tatu pamoja, maana ratiba imekufa. Masika yameingia kwa hasira, baraza linavuja, tumehamia ndani ya duka kati ya nguo zinazoning'inia. Na kitabu chenyewe hakikukubali kuharakishwa.

Ni Peponi ya Abdulrazak Gurnah, yule mzaliwa wa Unguja aliyepewa Nobel mwaka 2021. Aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka mwaka 1994. Sisi tumeisoma kwa Kiswahili cha Ida Hadjivayanis, tafsiri iliyotoka mwaka 2022. Mpwa aliileta kutoka Dar. Nilikuwa na wasiwasi wa tafsiri, kwamba tutasikia Kiingereza kikikohoa nyuma ya pazia. Sivyo. Ni kama kitabu kilisafiri miaka mingi, kikarudi nyumbani kikavua viatu.

Yusuf ana miaka kumi na miwili. Baba yake ana hoteli isiyolipa, na anadaiwa na tajiri Aziz, anayefika mara kwa mara; baba anamkaribisha kama ndugu na mtoto anamwita ami. Siku moja Yusuf anaambiwa atasafiri na ami yake. Anapanda treni akijua anakwenda kutembea. Kumbe ameshawekwa rehani. Anayemfumbua macho ni Khalil, kijana wa dukani, na yeye ni rehani vilevile: huyu si ami yako.

Hapo Mwalimu alifunga kitabu kidogo, kidole ndani. Kimya. Mvua tu juu ya mabati.

Sikuuliza lolote. Mama wa maandazi, ambaye huwa anasema neno moja la mzaha kila baada ya dakika mbili, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba yeye aliletwa mjini ana miaka kumi na mmoja, na mama mmoja aliyeambiwa amwite shangazi. Aje kusoma. Aliosha vyombo miaka sita. "Mpaka leo sijui tulikuwa na udugu gani. Nilikuwa namwita shangazi kwa sababu nilikuwa sina neno jingine." Kisha akamwambia Mwalimu aendelee.

Tangu usiku ule nimekitazama kile kitabu kwa jicho jingine. Wengi wanasifu safari ya msafara kwenda bara, na kweli ina mambo: tajiri anayepeleka mali yake yote porini, wapagazi wanaokufa njiani, sultani Chatu anayewapokonya bidhaa, Mdachi, yaani Mjerumani, anayetokea na kuamua kesi kana kwamba nchi ilikuwa ikimsubiri. Mimi kilichonishika ni dukani. Ni vile mtoto anavyozoea. Anajifunza kupima, kufunga, kulala barazani, na deni la baba linageuka kuwa maisha yake bila mtu kulitaja tena. Gurnah anajua bei za vitu. Anajua nani anadaiwa na nani, na adabu gani inatumika kulifunika deni. Ukiniuliza kwa nini hiki kimenikaa na Kusadikika hakikunikaa, jibu langu ni hilo: humu hakuna mtu anayeelea hewani. Kila mmoja amefungwa kwa mwenzake kwa hesabu.

Na pale pembeni ya duka ipo nafasi tupu ilipokuwa ovaloki. Sitaki kujifananisha, mashine si mtoto. Lakini nilikuwa siitazami.

Jambo la kando. Msafara ulibeba vitambaa, na Mwalimu akatueleza kwamba jina la marikani limetokana na Marekani yenyewe, maana karne ya kumi na tisa kitambaa hicho kilikuwa kikija na meli kutoka huko, na bara kilipokelewa kama fedha. Misafara iliyotokea Pangani, hapo kwa jirani zetu, ilipita na majora hayo kuelekea Kilimanjaro. Wote tukageuka kutazama pazia letu limekunjwa juu ya kabati. Fundi baiskeli akauliza hapo ningepata pembe ngapi za ndovu. Tumesema nusu.

Mwisho wa kitabu ulitugawa. Askari wa Mjerumani wanapita wakizoa watu, na Yusuf aliyejificha anatoka akaufuata msafara wao mbio. Mwalimu aliona aibu kwa niaba yake. Mpwa akasema haoni aibu yoyote: kijana hana chake, nyumba si yake, bustani anayoipenda si yake, na mbele yake unapita msafara wenye sare na mshahara. Alisema hivyo akikunja waya wa spika, na hakuna aliyemjibu. Fundi ndiye aliyetuokoa, akahesabu miaka kwa vidole akasema basi huenda Yusuf alifika hapahapa Tanga Novemba 1914, Waingereza walipotelemka na nyuki wakawatoa mbio. Nyuki wale, kwa walivyosimulia wazee, hawakuuliza askari wa nani.

Tarehe 4 Mei

Filamu imeahirishwa. Maji yameingia kwenye spika. Mafua yake sasa ni nimonia.

Tarehe 11 Mei

Spika imeazimwa. Filamu: Ladri di biciclette, Wezi wa Baiskeli, ya Mwitalia Vittorio De Sica, mwaka 1948. Nyeusi na nyeupe. Mpwa alinionya kwamba watu wataondoka. Nikamwambia huu ni mji wa baiskeli; wakiondoka wataondoka na baiskeli zao.

Fundi alileta mafundi wenzake watatu, wakakaa mbele kama kamati.

Habari yenyewe unaweza kuimaliza ukiwa umesimama dukani. Roma baada ya vita, kazi hakuna. Antonio anapata kazi ya kubandika matangazo ukutani, sharti awe na baiskeli, na yake iko rehani. Mkewe Maria anang'oa mashuka kitandani, anayapeleka kuweka rehani ili baiskeli itoke. Siku ya kwanza ya kazi, akiwa juu ya ngazi, inaibwa. Filamu yote iliyobaki ni Antonio na mwanawe mdogo, Bruno, wakiitafuta mjini.

Maria alipoyavuta yale mashuka, mama wa maandazi alinigusa goti. Mimi nilikuwa nimeshaona. Kuna mahali mtumishi wa ile nyumba ya rehani anabeba furushi la Maria, anapanda nalo rafu zilizofika darini, na rafu zote ni mashuka. Mji mzima umelala bila shuka. Hakuna aliyesema neno, hakuna muziki wa kukuvuta sikio, ni mtu tu anapanda. Ningeweza kurudi nyumbani hapo nikaridhika.

Sasa kamati. Baiskeli ilipotoka rehani, Bruno akawa anaifuta, akaona pedali imebonyezwa kidogo huko ilikokuwa, akamlalamikia baba yake kwa nini hakusema. "Huyo mtoto fundi," kamati ikasema kwa pamoja. Antonio alipoiacha chini bila kufuli, ikapigwa kelele mpaka majirani wakachungulia. Walipofika soko la vipuri, matairi kule, pampu huku, kengele zimetandikwa, fundi wetu akatikisa kichwa: "Wameshaichinja." Na pale Antonio anapomkuta mtu anapaka fremu rangi, akadai aoneshwe namba iliyopigwa kwenye chuma, fundi alisimama kabisa. Ndivyo anavyofanya yeye. Rangi inadanganya, namba haidanganyi. Namba haikuwa yenyewe. Akakaa.

Mpwa alikuwa akisoma maandishi ya Kiingereza ya chini na kutamka kwa Kiswahili kwenye kipaza sauti. Mwanzoni alijifanya Lufufu, yule mtafsiri wa filamu wa enzi za mabanda ya video, akaweka mizaha yake, watu wakacheka. Mimi ni mtoto wa mabanda hayo, sina ugomvi nayo. Filamu nyingi za mapigano zilikuwa tamu zaidi mdomoni mwa mtafsiri kuliko zilivyotengenezwa. Lakini hii nilimwomba apunguze. Baada ya nusu saa alikuwa anatafsiri sentensi moja kati ya tatu, na hakuna aliyedai zaidi. Huyo anayeigiza Antonio alikuwa mfanyakazi wa kiwanda, si mwigizaji, na inaonekana kwenye mabega.

Kicheko kikubwa cha usiku kilikuwa cha mganga. Mwanzoni Antonio anamsema mkewe kwa kwenda kwa mama mmoja mtabiri, kupoteza fedha. Saa zinakwenda, baiskeli haionekani, na yeye huyo kapanda ngazi, kakaa foleni, kaulizia. "Wanaume!" mama wa maandazi akasema, na wanawake wote wakajua alichomaanisha.

Umeme ulikatika wakiwa hotelini, baba anamnunulia mtoto chakula wasichoweza kukilipia vizuri. Tulisubiri robo saa na taa za simu. Hakuna aliyeondoka. Muuza kahawa alimaliza birika zote mbili.

Mwisho siuelezi wote. Antonio, nje ya uwanja wa mpira, baiskeli zimepangwa mia kwa mia, anaiona moja imeegeshwa peke yake. Wanamkimbiza, wanamkamata, wanampiga makofi mbele ya mwanawe. Mwenye baiskeli anamtazama mtoto anavyolia, anasema mwacheni.

Taa ziliwashwa, na kamati haikuwa na la kusema. Wamebeba viti vyao wakaenda.

Tarehe 12 Mei

Nimepita kwa fundi asubuhi, mnyororo wa baiskeli yangu umelegea. Aliukaza bila kunitazama, kisha akaanza mwenyewe. Miaka iliyopita, hapohapo kona, mtu alichukua baiskeli ya mteja. Fundi ndiye aliyepiga kelele ya mwizi. "Unajua ukishaipiga, haikurudii tena. Si yako." Wakampiga. Hakufa. Lakini walipomaliza, fundi aliona begani kwa yule mtu kuna mkoba wa shule, wa mtoto, una picha ya paka. "Mtoto mwenyewe sikumwona. Sijui alikuwa wapi."

Akanirudishia baiskeli, hakutaka hela.

Siku hizi husoma watu wakiandika kwamba filamu nzuri ni ile inayokuonesha usichowahi kukiona. Mimi sijui. Hii imeonesha Ngamiani kitu ilichokiona tayari.

Tarehe 25 Mei

Maisha Yangu, Shaaban Robert tena. Hili ni wazo la Mwalimu, na nadhani alikuwa akinisubiri. "Ulisema watu wake hawatoki jasho," akaniambia, "haya mtazame mwenyewe."

Amenishinda. Humu yule aliyeijenga nchi ya hewani ni mtu wa mshahara: karani wa forodha, anayehamishwa kutoka Pangani hadi Mpwapwa kwa barua moja, na watoto, na mizigo. Mkewe Amina anafariki, na shairi alilomwandikia mkewe, Mwalimu wetu alilisoma bila kutazama kitabu. Vijana hawakulala. Fundi alitaka kujua kama karani siku zile alilipwa nauli ya familia.

Kwa hiyo narekebisha niliyoandika Machi, ila nusu tu. Kusadikika bado naiona ni nguo ya kwenye sanamu. Ila sasa namjua fundi aliyeishona, na najua ofisi aliyokuwa akikaa. Nitaisoma tena peke yangu, polepole, baada ya Idi za wateja.

Tarehe 8 Juni

Vuta N'kuvute, kitabu cha Shafi Adam Shafi, kilichotoka mwaka 1999. Nitakuwa mfupi, maana tulikisoma kwa kasi ya watu wanaogombea ukurasa. Yasmin, binti wa Kihindi, anaozwa Bwana Raza, mzee wa kumzaa. Anatoroka, anakimbilia Ng'ambo, huko Unguja mjini, kwa Mwajuma, anakutana na Denge anayepigana na wakoloni, na kuanzia hapo hakuna anayelala. Mama wa maandazi amemchukua Mwajuma kuwa rafiki yake wa kudumu. Anamtaja kama jirani: "Mwajuma asingekubali bei hiyo."

Mwalimu anaona mapenzi yamezidi siasa. Mpwa anaona kinyume. Mimi naona kitabu kimemjua mwanamke asiye na pa kwenda, ambaye kila mlango unaofunguliwa una mtu anayetaka malipo, hata ya shukrani.

Filamu yake, ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, niliiona nilipokwenda Dar kununua vitambaa, barazani hatujaionesha. Ni nzuri machoni kupita kiasi. Mwanga wa vichochoro vya Unguja, rangi za nguo, kitambaa kinavyokaa mwilini: fundi nguo wao nampa mkono. Ila kitabu kina nafasi ya kukaa jikoni, kuhesabu kilichobaki kwenye kopo la sukari, na filamu haina muda huo, inakimbilia macho ya wapendanao. Nilitoka nimependezwa, sikutoka na njaa. Mpwa anasema namwonea mtu kwa kumdai kurasa zote katika saa moja na nusu. Inawezekana.

Tarehe 22 Juni

Kusi limekaza. Pazia la marikani limehimili, yale matundu ya mvuvi yanapiga mluzi mdogo tu kwenye sehemu za kimya. Watoto wamedai Supa Modo kwa mara ya pili, tukaionesha. Safari hii walijua pa kufunga macho.

Hesabu: vitabu vinne, filamu mbili barazani na moja ya kwangu binafsi. Nilipanga zaidi ya hapo. Kopo limetoa 61,000. Mashono ya sare za harusi moja yametoa zilizobaki. Deni limebaki 20,000.

Tarehe 29 Juni

Nimepeleka 20,000. Yule bwana wa maturubai alizihesabu mara mbili, kisha akaniuliza ile filamu ya Waitalia tunarudia lini, mafundi wamemsimulia hadi mahali pa polisi na namba. Nimemwambia Jumamosi ijayo, aje na kiti chake.

Ovaloki imerudi kwenye kariya ya baiskeli ya fundi, Phoenix, imefungwa kwa mipira ya tyubu mizunguko minne, yeye anasukuma, mimi nimeshika kwa nyuma, na watoto wawili wenye majoho wanakimbia mbele kusafisha njia. Nimeikagua barazani, juu ya meza, kabla hajaondoka. Sindano ya kushoto imekunjika na kisahani kimoja cha kukaza uzi hakipo.

"Ulisema huko?" fundi akauliza.

Sikusema.